Pulapu zimegota sita: nifanyeje kabla ya mtihani wa Marine Corps?

SWALI: Nina miaka 22, naishi Texas, na najiandaa kujiunga na Marine Corps, tawi la jeshi la Marekani. Navuta pulapu (kuning'inia kwenye chuma na kujivuta mpaka kidevu kikipite) kila siku mpaka mikono inakataa. Huu mwezi wa pili, bado ni sita tu. Nakosea wapi?

JIBU: Kosa liko hapo kwenye kuvuta mpaka mikono ikatae, tena kila siku. Misuli huongezeka nguvu wakati wa kupumzika, na wewe huipi nafasi. Isitoshe, mwili uliochoka huanza kurusha miguu ili kidevu kifike juu. Kwenye PFT, mtihani wa siha wa Marine Corps, pulapu ya namna hiyo haihesabiwi: mikono inyooke kabisa chini, kidevu kipite chuma, bila kujirusha. Kwa mwanamume wa umri wako kiwango cha chini ni 5, na alama zote hupatikana kwa 23.

Anayeishia sita amepungukiwa nguvu kwanza, ustahimilivu utafuata. Vuta siku tatu kwa wiki.

Jumatatu ni ya nguvu: seti 5 za pulapu 3, pumzika dakika 2 hadi 3 kati ya seti. Malizia kwa kupanda juu ya kiti, kidevu kikiwa juu ya chuma, kisha ushuke taratibu kwa sekunde 5. Rudia mara 4. Usiruke kipande hiki, maana misuli humudu mzigo mkubwa zaidi inaposhusha kuliko inapovuta.

Jumatano weka saa: pulapu 2 mwanzoni mwa kila dakika, kwa dakika 10. Ikishakuwa rahisi, ongeza dakika moja kila wiki hadi 14, ndipo uhamie pulapu 3 kwa dakika 8.

Ijumaa panda ngazi ya idadi: pulapu moja, mbili, tatu, kisha uanze upya, mizunguko mitatu. Katika siku zote hizi, shuka kwenye chuma ukiwa bado na uwezo wa kuvuta moja au mbili safi. Wiki ya nne punguza kazi yote nusu. Jipime mwishoni mwa wiki ya sita, baada ya kupumzika siku mbili.

Ukifika 10, Jumatatu funga kilo 5 kiunoni, seti 5 za 3. Kuanzia 12 ndipo seti ndefu zina maana: 8 au 9 mfululizo, mara nne.

Kila pulapu ianze kwa kushusha mabega mbali na masikio kabla kiwiko hakijakunja; wengi huvuta kwa mikono peke yake, mgongo umelala. Vidole vikilegea mapema, ning'inia sekunde 30 mara tatu baada ya zoezi. Na usidharau uzito: mwenye kilo 80 akipunguza 4 za mafuta, kila pulapu inakuwa nyepesi kwa asilimia 5.

Maumivu upande wa ndani wa kiwiko ni dalili ya kano kuzidiwa, kwa kuwa hukomaa polepole kuliko misuli. Punguza idadi nusu, badilisha mshiko, na yasipotulia ndani ya wiki mbili muone mtaalamu wa fiziotherapia.

Siku ya mtihani pasha mwili kwa pulapu mbili tu. Anza viganja vikitazama mbele, vuta kwa kasi bila kukawia chini. Mgongo ukichoka, geuza viganja vikutazame: kanuni zinaruhusu mradi usiguse ardhi, na misuli ya mbele ya mkono itakuongezea chache za mwisho.