Bega la nguruwe: digrii 75 bado ni mapema

Yaya, unauliza kwa nini bega lako lilikuwa gumu kama kiatu ingawa kipimajoto kilionyesha digrii 75 na ulilichoma kwa moshi tangu asubuhi. Kwa afya lilikuwa limeshaiva, hata minyoo ya tegu ilikuwa imekufa zamani. Kulainika ndiyo habari nyingine. Bega ni msuli uliofanya kazi maisha yote ya mnyama, limejaa kolajeni, zile nyuzi ngumu zinazoshikilia nyama, na hiyo haiyeyuki vizuri mpaka uvuke 90.

Halafu kuna ule mtego: kati ya 65 na 75 joto linakwama, pengine masaa mengi, kwa sababu nyama inatoa jasho na jasho linaipoza. Wengi hapo wanakata tamaa na kuitoa. Usiongeze makala kwa hasira! Ifunge kwa majani ya ndizi, itapita.

Ila sisi wa Goma tusifuate namba za watu wa pwani. Huku juu, karibu mita 1500, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, kwa hiyo ukingojea 96 ndani ya nyama utangoja mpaka iwe mbao. Kwenye 91 au 92 anza kuijaribu. Choma kijiti: kikiingia kama kwenye avoka, tayari. Zungusha mfupa wa bega. Ukitoka wenyewe, toa motoni. Mimi naamini mfupa kuliko kipimajoto. Kisha iache ifunikwe lisaa limoja kabla ya kuchambua, hata wageni wakinuna.