Kanga wawili, miguu mitatu

Sebuleni kwa mama yangu, juu ya kabati la vyombo, kuna picha ya kanga wawili. Nasema kanga ndege, si vazi, ingawa wengi husema vazi ndilo lililorithi jina kwa yale madoadoa. Ni picha ya Tingatinga, ule mtindo wa uchoraji wa Dar es Salaam wa wanyama wa rangi kali na madoadoa. Marehemu baba aliinunua Oysterbay miaka ya themanini kwa kijana aliyekuwa akitafuta nauli ya kurudi nyumbani. Kanga hao wana miguu mitatu. Si mitatu kila mmoja, mitatu kwa jumla. Utoto wangu wote wageni walikuwa wakihesabu na kucheka, na baba alikuwa na jibu moja: ndiyo maana nilipunguziwa bei.

Mimi ni mhasibu. Mtu wa hesabu ukimwonyesha ndege wawili wenye miguu mitatu, anaona hasara ya mguu mmoja, basi.

Mwaka juzi nilikwenda pale Morogoro Stores, huko huko Oysterbay wanakochorea mafundi wa Tingatinga, kutafuta zawadi ya harusi. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapiga madoa kwenye mgongo wa chui, na kwa kuwa sikuwa na haraka nikamsimulia habari za kanga wetu, nikitegemea naye acheke. Hakucheka. Alichukua kipande cha boksi, akachora kwa penseli ndege wawili wenye miguu minne, akanipa nitazame. Walikuwa wamesimama kama wanasubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Kisha akaziba mguu mmoja kwa kidole gumba. Yule ndege wa nyuma akaanza kutembea.

Kama ni ushauri unautaka, wa kwanza ndio huo kidole gumba. Ukiona kwenye picha, kinyago au hata mlango wa kuchonga kitu kinachokukera, usikimbilie kusema fundi kakosea. Kirekebishe kichwani mwako jinsi unavyodhani kingetakiwa kuwa, halafu uangalie kilichopotea. Mara nyingine hakipotei kitu, na kweli fundi alikosea. Lakini utakuwa umekaa na kazi yake dakika tano badala ya sekunde tano, na mimi sikuwahi kuwapa wale kanga dakika tano kwa zaidi ya miaka thelathini.

Baada ya siku ile nikaanza kufuatilia mambo ya Tingatinga mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar es Salaam kutafuta riziki, akafanya vibarua vya kila aina. Mwaka 1968 hivi ndipo alipoanza kuchora. Hakusomea popote. Alichora kwenye vipande vya mraba vya mbao za kupigia dari, kwa rangi ya mafuta ile ya kung'aa ya kupakia baiskeli, kwa sababu ndizo zilizokuwepo na zilinunulika. Nilipojua hilo, sura ya zile picha ikanielea. Rangi ile ni nzito, haikauki upesi, na haikubali kuchanganywa taratibu kama rangi za maji. Inakutaka upake eneo zima rangi moja, usubiri, ndipo uweke mnyama juu yake kwa mpaka wazi, na madoa mwishoni. Ule uzuri tunaousifu, nusu yake uliamuliwa na kopo la rangi.

Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora miaka minne tu, chini ya muda niliotumia mimi kumaliza mitihani ya bodi. Lakini alikuwa ameshawafundisha ndugu na vijana wa karibu, na wao ndio waliofanya jina lake liwe jina la mtindo mzima.

Kwa hiyo ukitaka kuchora, anza na kilichopo. Nazungumza kwa uchungu: mimi nilianza kwa kununua rangi za bei mbaya na karatasi nene kutoka nje, zikakaa kabatini miezi minane kwa sababu kila nikishika brashi nilikuwa nikipiga hesabu ya karatasi nitakayoharibu. Kilichonikomboa ni kopo la rangi iliyobaki tulipopaka geti, pamoja na kipande cha plaiwudi kilichokuwa kikizuia mlango wa banda la kuku. Siku ya kwanza sikusubiri anga likauke, na kuku wangu akayeyukia mawinguni. Siku ya pili nilizidisha thina, rangi ikachuruzika kama uji. Madoa niliyapiga kwa kichwa cha msumari, na hata hayo yana siri yake: ukichovya mara moja, doa la kwanza ni kubwa, la tano ni dogo, na mwenye akili hupanga mgongo wa ndege kwa kufuata kupungua huko. Sikufundishwa. Msumari ulinionyesha.

Watu wananiambia picha za Tingatinga ni za kunakiliwa, hazina ubunifu. Nusu nakubali. Ukipita vibanda vya watalii utaona twiga yule yule chini ya Kilimanjaro ile ile mpaka umwonee huruma, na madoa yake yanakuonyesha mkono uliochoka. Usinunue hiyo. Uliza aliyechora ni nani, na kama yupo, mwombe akuonyeshe aliyoipenda yeye. Lakini kunakili kwenyewe sikudharau tena, kwa sababu nilipoamua kuwanakili kanga wa baba ndipo nilipojua kilichokuwa kikinishinda. Mabawa niliweza. Shingo niliweza. Nilipofika miguuni nikachora mitatu, nikakaa, nikanywa chai, nikarudi nikaongeza wa nne. Sikuthubutu kuuacha. Niliogopa atakayekuja kuhesabu.

Nilijaribu tena baadaye, nikafuta mguu mmoja kama mzee alivyoziba kwa kidole, na ndege akaonekana kilema. Kumbe mguu hautoki peke yake. Shingo nayo inatakiwa kuinama, na mwenzake kusogea. Hilo bado linanishinda.

Ile ya miguu minne imetundikwa jikoni, karibu na mtungi wa gesi. Mama alipokuja Idi iliyopita aliitazama akisubiri chai, midomo ikimchezacheza, nikajua anahesabu.

"Afadhali fundi wako huyu," akasema. "Yule wa baba yako alikuwa mwizi."

Sikumwambia ni nani aliyechora.