Re: Msimamizi anawapa watu wa kwao safari zote, nifanyeje?

Pole sana ndugu. Kama msimamizi wa ghala lenu hapo Dodoma anawapangia watu wa kabila lake safari na ovataimu zote, usianzie kikaoni kwa hasira. Anza na daftari. Andika tarehe, zamu, nani kapangwa, nani aliomba akanyimwa. Ratiba ipige picha ikiwa bado ukutani. Ikishabanduliwa linabaki neno lako dhidi ya lake.

Baada ya miezi miwili hivi andikia ofisi ya utumishi barua, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usiandike "ananichukia". Andika: "Safari 8 kati ya 9 wamepewa watu wawili, naomba kujua kigezo."

Wengi hukwama hapa: kupendelea rafiki tu hakutajwi kwenye kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kinachokatazwa ni ubaguzi wa kabila, mahali mtu atokako, dini, jinsia, ujauzito na mengineyo. Kwako kabila lipo, shikilia hilo. Wakikupuuza, jaza fomu namba 1 ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi), mpe mwajiri nakala asaini, uiwasilishe ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Ukiachishwa kazi, ni siku 30 tu.