Kilo za Mtoto wa Jirani Hazimpimi Mtoto Wako

Mama mmoja ameandika kwamba binti yake wa mwaka mmoja na miezi 8 ana kilo 9.6, na binti wa jirani wa umri huohuo ana kilo 13. Nyumbani wanamwambia mtoto hashibi. Ameshabadilisha maziwa, na sasa anauliza ampe dawa gani ya kuongeza hamu ya kula. Namjibu hadharani kwa sababu wazazi wengi wanabeba wasiwasi huu kimyakimya, na ushauri wanaopewa na watu mara nyingi unamdhuru mtoto aliye mzima.

Mama, tuanze na namba zako. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa mwaka 2006, mstari wa kati, yaani ule ambao nusu ya watoto wako juu yake na nusu chini, kwa msichana wa miezi 20 uko kwenye kilo 10.6 hivi. Mstari wa −2, ambao chini yake ndipo tunasema uzito ni mdogo kwa umri, uko karibu na kilo 8.4. Mstari wa +2, ambao ni mpaka wa juu, umepita kidogo kilo 13.5. Binti yako na wa jirani wote wamo ndani ya mipaka. Viwango hivi vilitokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani waliolishwa na kutunzwa vizuri, na ilionekana kwamba wakipewa nafasi hiyo, watoto wadogo wa nchi mbalimbali hukua kwa kulingana sana. Urithi wa wazazi una sehemu yake, ila "ukoo wetu ni wembamba" si sababu ya kuacha kupima.

Kilo 9.6 peke yake, hata hivyo, haituambii mengi. Chukua wasichana wawili wa miezi 20 wenye kilo hizohizo. Wa kwanza alikuwa na kilo 8.2 alipotimiza mwaka, chini kidogo ya mstari wa kati, na ameendelea kupanda sambamba na mstari huo. Huyo ni mtoto mwembamba anayekua. Wa pili alikuwa tayari na kilo 9.6 akiwa na miezi 14, akasimama hapohapo kwa miezi sita. Huyo anahitaji kuchunguzwa, ingawa mzani unasema wako sawa. Ndiyo maana kadi ya kliniki ina thamani kuliko kipimo chochote cha siku moja. Tazama mwelekeo wa nukta za uzito zilizowekwa juu yake: zinapanda, zimelala, au zinakata mistari kushuka?

Wazazi wengi hushtuka mtoto akishatimiza mwaka kwa sababu kasi inapungua ghafla. Katika mwaka wa kwanza uzito wa kuzaliwa huongezeka karibu mara tatu. Mwaka wa pili mzima huleta kilo mbili na nusu tu hivi, yaani kama gramu 200 kwa mwezi. Mwili unaokua polepole hudai chakula kidogo, na hamu hushuka pamoja nao. Mashavu nayo hupungua, kwa kuwa kati ya mwaka mmoja na miaka mitano hivi watoto hurefuka na mafuta ya mwilini hupungua. Mtoto anayeonekana "kukonda" katika kipindi hiki mara nyingi anafuata njia ya kawaida.

Sasa, gramu 200 ni uzito wa kikombe kimoja cha maji. Nepi iliyolowa inaweza kuzidi hapo. Kwa hiyo anayempima mtoto kila wiki anapima nepi, maziwa aliyotoka kunywa na choo ambacho hajapata. Mara moja kwa mwezi inatosha, na mzani uwe uleule, saa zilezile, mtoto akiwa bila nepi wala viatu. Mzani wa nyumbani uwekwe kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Zulia huuharibu usomaji. Simama peke yako kwanza, kisha simama umembeba, toa namba ya kwanza kwenye ya pili. Rudia mara tatu uchukue wastani. Hata hivyo njia hii inaweza kukosea kwa gramu mia kadhaa, maana makosa ya vipimo viwili yanajumlishwa. Itumie kuona mwelekeo wa miezi mitatu, usiitumie kuhukumu mwezi mmoja.

Urefu ndio unaosahaulika, na ndio unaokosewa zaidi. Chini ya miaka 2 mtoto hupimwa amelala kwenye ubao, mtu mmoja akishika kichwa kiguse ubao wa juu, mwingine akinyoosha magoti. Kuanzia miaka 2 hupimwa amesimama. Akipimwa amesimama kabla ya umri huo, ongeza sentimita 0.7. Magoti yakikunjwa, mtoto husomeka mfupi, na uzito wake kwa urefu, yaani kilo zake zikilinganishwa na urefu wake, utaonekana mzuri kuliko ulivyo. Binti wa kilo 9.6 akiwa na sentimita 80, uzito wake kwa urefu hauna tatizo, kwani mstari wa kati kwa msichana wa urefu huo ni kilo 10.1 hivi. Aliyezaliwa kabla ya wakati hupunguziwa wiki alizowahi hadi afike miaka 2: aliyezaliwa wiki ya 32 anaondolewa wiki 8 kwenye umri wake kabla ya kuweka nukta kwenye kadi.

Kuna kipimo kingine rahisi, mzingo wa mkono, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Kunja mkono wa kushoto kwenye kiwiko, tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, kisha uache mkono uning'inie na uzungushe utepe bila kukaza nyama wala kulegeza. Sentimita 12.5 na kuendelea ni salama. Kati ya 11.5 na 12.5 ni utapiamlo wa wastani. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, nenda hospitali siku hiyohiyo. Bonyeza pia juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote, mtoto ana uvimbe wa maji, na maji hayo huongeza kilo. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa na uzito wa kuridhisha kwenye mzani huku yuko hatarini.

Kuhusu chakula, angalia maziwa kwanza. Mtoto aliyepita mwaka akinywa maziwa ya ng'ombe zaidi ya mililita 500 kwa siku, tumbo linajaa kabla ya chakula, na upungufu wa madini ya chuma hunyemelea kwa kuwa maziwa hayo yana chuma kidogo sana. Upungufu huo nao huua hamu ya kula. Juisi na soda ziondoe kabisa. Mpe milo mitatu au minne na vitafunio mara moja au mbili, katikati maji tu au titi kama bado ananyonya. Uji uwe mzito, usimwagike haraka kutoka kwenye kijiko. Uji mwepesi ni maji yaliyotiwa rangi. Kijiko cha chai cha mafuta kwenye bakuli huongeza kalori 40 hivi bila kuongeza wingi. Yai, samaki, nyama au maharage yawepo kila siku. Dakika 20 hadi 30 zikiisha, ondoa sahani bila ugomvi. Wewe unachagua chakula na saa, yeye anachagua kiasi. Kumshika pua au kumkaba ale humfundisha kuogopa meza, na chakula kigeni kinaweza kuhitaji kuonjeshwa mara kumi au zaidi kabla hajakikubali.

Dawa za hamu, mama, ziache. Nyingi zina siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi, na usalama wake kwa walio chini ya miaka 2 haujathibitishwa. Tena zinaficha chanzo, iwe ni minyoo, upungufu wa damu, maambukizi ya mkojo au kidonda cha koo.

Mtoto mzito naye asinyimwe chakula. Uzito kwa urefu ukizidi +2, lengo ni kupunguza kasi ya kuongezeka ili urefu uufikie uzito: chupa ya usiku iachwe, vinywaji vitamu viondoke, acheze angalau saa 3 kwa siku. Aliye mzito huku urefu wake unadumaa apelekwe kwa daktari, kwani huenda tatizo ni la homoni.

Usisubiri mwezi mwingine akipungua uzito, akiharisha siku 14 au zaidi, akitapika kila anachokula, akipoteza uwezo aliokuwa nao kama kutembea, au akilegea asitake kucheza. Kwa binti yako, mama, mpime urefu wiki hii na uzito mwezi ujao. Nukta zikilala kwa miezi miwili mfululizo, nenda na kadi pamoja na orodha ya kila alichokula na kunywa kwa siku tatu, maziwa yakiandikwa kwa mililita.