Muulize Bibi Mita: mifuko 14, chaja moja na ndoo inayonuka

*Shikamoo Bibi. Mwaka jana niliapa kuachana na plastiki. Kila nikiona mfuko wa pamba wenye maneno ya kutunza mazingira, nanunua. Sasa ninayo 14. Mume wangu anacheka, anasema nimefungua duka kabatini. Nani mwenye haki?*
*Mama Mifuko*

Marahaba mwanangu. Mumeo ana haki, ila usimwambie nimesema mimi.

Pamba hunywa maji mengi shambani, hutiwa mbolea na dawa, kisha inasokotwa na kufumwa kwa nishati nyingi. Mwaka 2018 wakala wa mazingira wa Denmark ulilinganisha mifuko ya kubebea bidhaa. Ukihesabu madhara ya tabianchi peke yake, mfuko wa pamba ya kawaida sharti utumike mara 52 ndipo ulingane na mfuko wa plastiki wa dukani uliobebea mara moja, kisha ukatiwa takataka. Ukitaka ulingane katika kila aina ya madhara waliyoyapima, idadi inapanda hadi mara 7,100. Haki isemwe: hawakuhesabu plastiki inayozagaa mitaroni na baharini, na hapo ndipo pamba inapopata utetezi wake.

Sasa tupige hesabu ya kabati lako. Mifuko 14 mara 52 ni safari 728. Ukienda dukani mara mbili kwa wiki na mfuko mmoja mkononi, utamaliza deni baada ya miaka 7. Ungekuwa na mifuko miwili tu, ungemaliza kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo bakiza miwili, mmoja ukae ndani ya mkoba wako muda wote, maana mfuko uliosahaulika nyumbani haujamsaidia mtu. Hiyo 12 wagawie wasio nao. Na usinunue wa 15 hata uwe na maneno matamu kiasi gani.

Wangu mimi ni wa plastiki nene, ulikuja na viatu. Una miaka 11. Mpini ulipokatika niliushona kwa uzi wa kuvulia samaki.

*Bibi, kila usiku mama anatuamsha tuchomoe chaja za simu ukutani. Anasema haba na haba hujaza kibaba. Kweli tunaokoa kitu?*
*Mwenye Usingizi*

Mjukuu wangu, nimesoma mita za umeme kwa miaka 19, jina la safu hii halikutoka hewani. Mita za zamani zilikuwa na kisahani kinachozunguka. Nikisimama nje ya nyumba nilijua kinachoendelea ndani kabla sijabisha hodi: taa zikiwaka kinatambaa, mtu akiwasha pasi, birika la umeme au hita ya maji ya kuoga, kinakimbia kama kimefukuzwa. Sikuwahi kukiona kikikimbia kwa sababu ya chaja.

Chaja nzuri ya siku hizi ikiachwa ukutani bila simu hula kama wati 0.1. Iache hapo mwaka mzima, usiku na mchana, haifikishi uniti 1. Lakini kuchemsha lita 1 ya maji kunataka karibu sehemu ya kumi ya uniti. Mwenye kujaza birika ilhali anataka kikombe kimoja, akabakiza lita 1 ipoe bure kila siku, mwisho wa mwaka amechoma uniti 34 hivi. Kibaba cha mama yako kina tundu, na tundu liko jikoni.

Pima maji kwa kikombe utakachonywea. Funika sufuria. Nguo za kupiga pasi zikusanye uzipige kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa pasi hula umeme wa kupata moto kila inapoanza upya. Chaja endelea kuichomoa, hasa ile nzito ya zamani inayopata moto hata bila simu. Amani ya nyumba nayo ni nishati.

*Bibi, chakula kikioza si kinarudi ardhini? Nilianza kutengeneza mboji kwenye ndoo, ikanuka hadi majirani wakanisema. Nimeacha. Nimekosea?*
*Ndoo*

Kinarudi, lakini njia ni mbili. Kikifukiwa dampo chini ya takataka nyingine hakipati hewa, na vijidudu vya mahali pasipo hewa hutoa methani. Tani 1 ya gesi hiyo hupasha dunia joto karibu mara 28 kuliko tani 1 ya hewa ukaa, ukipima kwa miaka 100. Kwenye mboji yenye hewa hutoka zaidi hewa ukaa, ileile ambayo mmea ulikuwa umeivuta.

Ndoo yako ilinuka kwa sababu iligeuka dampo dogo. Yangu ya kwanza ilikuwa hivyohivyo. Nilitupia maganda mabichi matupu, ikawa uji mweusi wenye funza, nikaificha nyuma ya nyumba kwa aibu. Dawa ni vitu vikavu: majani yaliyoanguka, maboksi yaliyochanwachanwa. Kwa kopo moja la maganda tia makopo mawili au matatu ya vikavu, toboa ndoo matundu, geuza kila wiki. Nyama, mafuta na chakula kilichopikwa usitie, utaalika panya.

Ila mboji ni ya pili, ya kwanza ni kutotupa chakula. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa, na asilimia 60 majumbani. Shamba, maji, mafuta ya lori, moto wa jikoni, vyote vilishatumika. Mboji hairudishi hata kimoja. Mimi nimetenga rafu moja ya friji, ile ya usawa wa macho, kwa vilivyobaki. Hakuna anayepika kipya kabla ya kuichungulia. Wajukuu huilalamikia sana hiyo rafu.

*Friji langu la zamani linanguruma mchana kutwa. Nilitupe ninunue jipya?*
*Mnunuzi*

Ngoja kwanza. Bana karatasi kwenye mlango, ufunge, kisha uivute. Ikitoka bila kukwama, mpira umechoka. Badili mpira, safisha vumbi la nyuma, ulisogeze mbali kidogo na ukuta. Likiendelea kunguruma, niandikie tena.