Maswali ya Mitambo: Injini ya trekta bovu kwenye mashine ya mbao

Shikamooni wahariri. Nina Massey Ferguson 265 iliyokufa giaboksi, ila injini yake, Perkins ya silinda nne, bado inawaka vizuri. Nataka kuifunga kwenye dingdong (mashine ya kuhamishika ya kupasulia magogo) yenye msumeno wa duara wa inchi 40 kwa kupasua paini. Nifunge puli za ukubwa gani, na nianzie wapi?
*Msomaji, Mafinga*

Marahaba. Anza na injini yenyewe kabla hujanunua hata bolti moja. Iwashe asubuhi ikiwa baridi, iache ipate joto, kisha fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke mdogo si tatizo. Ikiwa inapumua moshi mzito kwa mapigo, ringi za pistoni zimekwisha, na msumeno utakuonyesha hilo siku ya kwanza. Presha ya oili injini ikiwa ya moto na kwa mwendo mkubwa isishuke chini ya psi 30.

Sasa puli. Wengi huuliza injini ina farasi wangapi, lakini kinachoamua kama mbao itatoka imenyooka ni mwendo wa ncha ya jino. Kwa msumeno wa duara unaopasua magogo, lenga mita 45 hadi 50 kwa sekunde. Msumeno wa inchi 40 una mzingo wa mita 3.19, kwa hiyo mizunguko 900 kwa dakika inakupa mita 48 kwa sekunde. Iendeshe Perkins kwa mizunguko 1,500. Usiibane hadi 2,000, maana kwenye 1,500 ndipo ina mvuto mzuri na inabaki na akiba gogo likiwa na fundo. Puli ya inchi 9 upande wa injini na ya inchi 15 upande wa msumeno zitakupa 900 kamili. Hata hivyo, muulize kwanza fundi aliyeupiga nyundo msumeno wako, ili unyooke ukiwa kazini, aliupiga kwa ajili ya mwendo gani. Akisema 800, badilisha puli ufuate msumeno.

Tumia mikanda mitano ya V saizi C, iliyonunuliwa siku moja kama seti moja. Ukichanganya mipya na ya zamani, mipya hubeba mzigo wote peke yake na kukatika, kisha lawama zinaenda kwa muuzaji.

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni puli kufungwa moja kwa moja kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Mikanda mitano ikikazwa huvuta kwa nguvu sana upande mmoja, na mvuto huo wote unabebwa na beringi ya nyuma ya krenkishafti, shafti kuu ya injini. Baada ya miezi michache sili ya nyuma inavuja, kisha injini inagonga. Puli ya mbele ya feni nayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Utaiharibu. Njia sahihi ni kubaki na klachi, kukata ile shafti yenye meno inayoingia giaboksi, na kuiunganisha kwa kapulingi ya mpira na shafti ya milimita 50 iliyokaa kwenye beringi mbili za UCP 210, zile zenye nyumba yake ya kufungwa kwa bolti. Puli ikae katikati ya beringi hizo mbili. Hakikisha pia beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili ni nzima, kwa kuwa ndiyo inayoshika ncha ya shafti. Klachi si anasa: bila hiyo utawasha injini huku msumeno ukizunguka, na hutaweza kuusimamisha bila kuzima kila kitu.

Jambo ambalo wengi hulisahau: kwenye Massey, injini ndiyo chesisi. Ekseli ya mbele imefungwa kwenye injini na giaboksi imefungwa nyuma yake, hivyo ukiitoa haina miguu. Tengeneza fremu ya chaneli yenye vishikio mbele na nyuma, na uijengee miguu ya kuteleza, kwa sababu dingdong huhama kila shamba likiisha.

Mwelekeo wa mzunguko uuangalie kabla ya kuchomelea. Simama nyuma ya flaiwili uitazame injini: inazunguka kinyume cha saa, na mkanda wa V hauwezi kugeuza mwelekeo. Meno yanayokutana na gogo lazima yawe yanashuka kuelekea mezani. Basi ukiutazama msumeno kutoka upande huo huo, msukumaji wa gogo lazima awe kushoto kwako. Ikiwa yuko kulia, geuza injini ielekee upande wa pili. Na nati ya msumeno ifunguke kwa kuzungushwa upande ule ule ambao msumeno unazungukia. Ikiwa kinyume, itajifungua yenyewe kazini.

Mwisho, unga wa mbao. Rejeta ya mashine iliyosimama haipati upepo wa barabarani, inategemea feni tu, na unga wa paini wenye utomvu unaiziba kwa nusu siku. Weka injini upande upepo unakotokea, funika rejeta kwa wavu mwembamba unaotoka, na uupige brashi kila unapopumzika. Bomba la kuvutia hewa lipandishe juu ya kichwa cha mtu. Ekzosi nayo ielekee juu, mbali na lundo la unga, na iwe na kizuia cheche. Ndani ya shamba la paini wakati wa kiangazi hilo halina mjadala.

Nilifunga injini ya Land Cruiser ya zamani. Bila gogo inakwenda vizuri, lakini likiingia inashuka, kisha inapanda kwa fujo. Msumeno unayumba kama bati na kupata joto. Nimeunoa mara tatu bila mafanikio.
*Msomaji, Njombe*

Acha kwanza tupa ya kunolea, tazama pampu ya dizeli. Je, kuna mpira mdogo wa upepo unaotoka nyuma ya pampu kwenda kwenye mdomo wa hewa wa injini? Kama upo, gavana yako (kifaa kinachoongeza au kupunguza mafuta ili mwendo wa injini usibadilike) ni ya upepo. Ndani yake kuna kiwambo laini kinachovutwa na hewa. Kikikauka au kupasuka, au mpira ukiwa na ufa, gavana haihisi mzigo kwa wakati. Barabarani dereva husahihisha kwa mguu. Kwenye mashine ya mbao hakuna mguu. Badilisha kiwambo na mipira yote. Ikiendelea kupanda na kushuka, tafuta pampu yenye gavana ya vyuma vya kutawanyika, kama za matrekta na majenereta.

Kuyumba kunatokana na hapo hapo. Msumeno mkubwa hupigwa nyundo sehemu ya ndani ili ukifikia mwendo wake, ukingo unapotanuka kwa kuzunguka, bamba linyooke. Mwendo ukishuka, ukingo hautanuki vya kutosha na bamba linacheza. Linasugua gogo, linapata joto, na joto linazidi kulilegeza.

Ukisimamisha, pima kwa kuusogezea kiganja karibu bila kuugusa. Joto likiwa ukingoni, meno ni butu au seti, yaani mpindo wa meno kwenda pembeni, ni ndogo: kwa paini mbichi acha milimita 1 hadi 1.5 kila upande wa bamba. Joto likiwa katikati, tazama beringi na kola, zile sahani zinazoubana msumeno kwenye shafti. Kola nzuri hugusa bamba kwa ukingo wake wa nje tu. Ikiwa na utomvu au kutu katikati, inaupindisha msumeno kila unapokaza nati.

Je, injini ya Kichina ya silinda moja, farasi 22, inaweza kupasua mbao?
*Msomaji, Elburgon, Kenya*

Inaweza, kwa magogo yasiyozidi inchi 9 na msumeno wa inchi 30. Injini hizi nyingi hukadiriwa kwa mizunguko 2,200. Puli ya inchi 6 na ya inchi 11 zitakupa 1,200 kwenye msumeno. Maji ya tangi lake kuchemka ni kawaida yake. Kazi yako ni kuongeza. Yakikauka usimimine maji baridi papo hapo, kwani utapasua kichwa. Zima, ngoja ipoe.

Ubao ulirudi nyuma kwa kasi ukampiga kijana wetu kifuani. Amepona, ila tunaogopa. Tatizo ni injini kuwa na nguvu nyingi?
*Msomaji, Makambako*

Poleni sana. Nguvu haikuwa tatizo. Ubao ulijifunga nyuma ya msumeno, na meno yanayopanda yakaunyanyua na kuurusha. Paini changa hujikunja mara tu inapopasuliwa.

Kabla ya gogo linalofuata, fungeni kisu cha kutenga nyuma ya msumeno: bamba la chuma nene kuliko msumeno lakini jembamba kuliko njia inayokatwa. Msumeno wa milimita 4 unaokata njia ya milimita 6 unahitaji bamba la milimita 5. Likae milimita 10 kutoka kwenye meno, lifuate mviringo wake, na lifungwe kwenye fremu kwa bolti mbili zisizocheza. Fensi ya kuongozea ubao iishie kwenye mashina ya meno ya mbele. Ikiendelea hadi nyuma, inaubana ubao. Hakuna anayesimama kwenye mstari wa msumeno, hata anayekusanya mabanzi.

Vuteni waya kutoka kwenye kizimio cha pampu hadi mkono wa msukumaji unapofika. Karibu na mdomo wa hewa ning'inizeni kipande cha ubao bapa cha kuuziba, kwa sababu injini ya dizeli iliyoanza kunywa oili yake yenyewe haizimiki kwa kukatiwa mafuta.