Mjukuu Wangu, Pale ni Wapi?

Juzi kijana mmoja wa Nkuhungu kaniandikia: "Kaka, goti limenigomea, daktari kasema mpira basi. Nataka kutangaza mpira redioni kama wewe. Nianzie wapi?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Kama mimi!

Mimi nilikuwa beki wa kulia. Ligi ya mkoa, ndiyo, lakini waulizeni mawinga wa Dodoma wa enzi zile. Nilipotundika daluga, redio moja ikaniita nikae na mtangazaji wao Uwanja wa Jamhuri. Nikavaa suti! Jua la saa tisa, upepo unatimua vumbi, mimi na tai shingoni. Mpira nimeucheza, nitashindwaje kuusema?

Dakika ya 20 mwenzangu sauti ikamkauka, akanisogezea maiki. Nikaanza: "Anatoa pale, kwa yule, yule anarudisha huku... aah, asingefanya vile!" Nilisikia raha ajabu. Natoka, nakuta babu yangu wa Mvumi kapiga simu mara tatu. "Mjukuu wangu, pale ni wapi? Yule ni nani? Na wamefungana ngapi?" Matokeo sikuwa nimeyataja hata mara moja.

Sikuitwa tena. Nafasi akapewa kijana asiyewahi kuvaa jezi ya timu yoyote, na nakiri, mpaka leo nikimsikia nahamisha stesheni. Ila anakwambia mpira uko kushoto, karibu na kibendera cha kona, nani anao, nani anamkaba. Na matokeo anayarudia, maana kuna mtu kawasha redio sasa hivi.

Sasa sikia, mdogo wangu. Miguu haitangazi. Mimi nilijifunza upya na video kwenye simu niliyoizima sauti, natangaza mbio za mita 1500 za Christchurch, New Zealand, 1974, Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.2. Mara ya kwanza nilimsifu Bayi mpaka utepe, John Walker aliyekuwa anamfukuzia mgongoni sikumtaja kabisa. Msikilizaji wangu angedhani Bayi anakimbia peke yake! Nikarudia, nikarudia. Taja majina. Sema wapi. Taja majina tena. Na habari za "enzi zetu sisi" punguza, hata zikikuwasha kooni.

Miaka miwili ilipita ndipo redio nyingine ikanipokea. Jumapili niko Jamhuri. Njoo ukae pembeni yangu, na suti uiache nyumbani.